Habari za Vitabu vya Pikipiki: Namna Jamaa Zetu wa London Walivyotafuta Vipuri na Kugawana

Ndugu na jamaa, katika kitabu chetu hiki cha mwaka zimekuwa zikiandikwa habari za harusi na za misiba, za watoto waliofaulu mitihani, na za wazee wetu waliotangulia mbele ya haki. Habari za spana na pistoni hazijapata kuandikwa, na huenda wengine wakaona kuwa si habari za kuandikwa. Lakini mwaka huu, tulipokuwa tukiondoa vitu katika nyumba ya ami yetu aliyefariki huku London ya kusini, tulikuta ndani ya kibanda cha bustani makasha mawili ya mbao. Vijana walidhani ni takataka za gereji, na kasha moja lilikwisha kupakiwa garini kupelekwa jalalani. Shangazi ndiye aliyelizuia. Alisimama mlangoni akasema, "Humo mna jasho la watu, literemsheni."

Tulipolifungua tulikuta vitabu vya ufundi wa pikipiki zaidi ya 30, vingine vimelowa grisi hata kurasa zimeshikana. Tukakuta barua za ndege, fotokopi zilizofungwa kwa uzi, na daftari moja la shule lenye majina ya kila aliyeazima kitabu kuanzia mwaka 1968 mpaka 1991. Kamati ya kitabu ikaniomba niandike historia ya makasha hayo, kwa kuwa mimi ni katika waliokuwa wakitumwa madukani kununua vipuri hivyo nilipokuwa kijana, na kwa kuwa waliokuwa wakinituma karibu wote wameondoka.

Basi na tuanze na pikipiki zenyewe, kwani bila ya kuzijua hutafahamu kwa nini watu walihangaika hivyo.

Mzee yeyote wa pwani ukimwuliza pikipiki ya kwanza aliyoiona, aghalabu atakutajia BSA. Herufi hizo ni za kampuni ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1861 kwa kutengeneza bunduki, na ndiyo maana alama yake ni bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Pikipiki ilianza kuziunda mwaka 1910. Katika Vita vya Pili vya Dunia ilitengeneza kwa ajili ya jeshi pikipiki za aina ya M20 zipatazo 126,000, chuma kizito chenye injini ya sentimita za ujazo 496, isiyokwenda mbio lakini isiyokataa kazi. Vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa raia kwa bei ndogo. Kwetu Afrika Mashariki pikipiki za Kiingereza zilikuwa za askari polisi, mabwana shamba na mabwana afya, na zilipochakaa zikaingia mikononi mwa watu wa kawaida.

Mwaka 1948 ikaja BSA Bantam, ndogo, ya sentimita 125, na hii nayo ina kisa chake. Mchoro wake haukuwa wa Kiingereza bali wa Kijerumani, wa pikipiki ya DKW RT 125, uliochukuliwa kama fidia ya vita. Warusi nao waliuchukua, na baadaye kampuni ya Yamaha ya Japani ilianza na pikipiki iliyofuata mchoro huohuo. Bantam ilitengenezwa mpaka mwaka 1971. Hapa Uingereza wapeleka simu za maandishi wa Posta walipanda Bantam nyekundu, na mimi nilipofika nikiwa mtoto niliziogopa, kwa sababu kwetu simu ya maandishi haikuwa na habari nyingine ila kifo.

Unguja, lakini, mfalme wa njia alikuwa Vespa. Vespa ilianza kutengenezwa Pontedera, Italia, mwaka 1946, na kuanzia mwaka 1951 kampuni ya Douglas ya Bristol ikawa inaiunda hapa Uingereza kwa ruhusa ya Waitalia. Kwa vichochoro vya Mji Mkongwe hakuna chombo kilichofaa kuliko hicho: gurudumu dogo, injini imefunikwa isichafue kanzu, na mbele pako wazi hata mwenye buibui akakaa kwa stara. India nayo ilianza kuziunda Vespa mwaka 1960 katika kiwanda cha Bajaj, na jambo hilo likaja kutuokoa baadaye, kama nitakavyoeleza.

Sasa nije London. Jamaa zetu hawakuja pamoja. Wachache walikuja miaka ya 1950 kusoma au kufanya kazi melini wakabakia. Wengi waliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, wengine moja kwa moja na wengine kwa kupitia Mombasa, Dar es Salaam au Ghuba. Kisha mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na zaidi ya 27,000 wakaingia nchi hii, wakashukia Stansted na kupelekwa katika kambi za zamani za jeshi. Waliruhusiwa kutoka na pesa kidogo mno na mizigo ya mkononi. Miongoni mwao walikuwamo mafundi hodari ambao sanduku zao za spana zilibaki Kampala na Jinja.

Nawataja hao kwa makusudi. Tulipokuwa watoto, Singasinga tulimwita Kalasinga, na ukisema fundi Kalasinga umesema fundi hasa. Huku Southall tulikutana nao tena, na lugha iliyotukutanisha haikuwa Kiingereza bali Kiswahili. Ami yangu alikuwa akienda kila mwezi kwa fundi mmoja wa huko aliyetoka Uganda, na mazungumzo yao yalikuwa, "Habari ya kazi, bwana?" na "Hii kranki imekwisha, usinidanganye." Ikumbukwe kwamba kofia ngumu ilipofanywa sharti kwa kila mpanda pikipiki tarehe 1 Juni 1973, Masingasinga walidai haki ya kuvaa vilemba vyao, na Bunge likawapa mwaka 1976. Ami alilifurahia jambo hilo kama kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeshinda kesi.

Kwa mwenye kutaka vipuri vya bei nafuu, njia ilikuwa Stockwell Road, karibu na Brixton. Huko kulikuwa na duka la Pride & Clarke, au niseme safu ya maduka, yote yamepakwa rangi nyekundu mbele, na upande mrefu wa barabara ukawa kama ukuta mmoja mwekundu. Waliopata kuiona filamu ya *Blow-Up* ya mwaka 1966 watayakumbuka, kwani gari la yule mpiga picha linapita mbele yake. Duka hilo liliuza pikipiki mpya na kuukuu, masalio ya jeshi, na vipuri kwa orodha iliyochapishwa ambayo ungeweza kuagiza kwa posta. Watu wa pikipiki hawakulisifu sana kwa upole, lakini bei zake zilivumilika. Na katikati ya miaka ya 1960 watu haohao wa Pride & Clarke ndio walioanza kuingiza Toyota nchini hapa; waliokuwa wakituuzia minyororo ya BSA ndio waliofungua mlango kwa magari ya Kijapani.

Kununua kipuri si kama kununua kilo ya sukari. Barua zilizokuwa zikija kutoka kwetu ziliandikwa hivi: "Tafadhali tuletee ringi za pistoni za BSA, hali zetu njema, watoto wanakusalimu." BSA ipi? Ya mwaka gani? Silinda imekwisha kuchongwa mara ngapi? Silinda ikilika huchongwa ikapanuka, na pistoni na ringi zake huwa kubwa zaidi kwa elfu 20 za inchi, au 30, au 40. Ukinunua za kawaida ukazitia katika silinda iliyochongwa, injini itavuta moshi kama tanuri ya chokaa. Mara ya kwanza nilipotumwa nilinunua ringi zisizofaa, zikasafiri wiki 11 kwa meli, na jibu lililorudi sitaliandika hapa kwa heshima ya marehemu.

Baada ya hayo ami akatunga sheria. Kila anayetaka kipuri alazwe karatasi juu ya chuma cha injini, asugue kwa penseli mpaka nambari na herufi zilizopigwa pale zitokee, aitie ndani ya barua. Kama kipuri ni bapa, kama gasketi, akichore mzunguko wake. Katika kasha tumekuta karatasi hizo nyingi, nambari zimetoka nyeupe katikati ya weusi wa penseli, na nyuma yake fundi ameandika: "Hii ya Bwana Afya wa zamani, sasa ya mwalimu." Kwa karatasi moja ya namna hiyo mwenye duka hakuwa na swali la kukuuliza.

Shida nyingine ilikuwa spana. Pikipiki za Kiingereza za zamani hazikufuata milimita. Nati na bolti zake zilifuata kipimo cha Whitworth, kilichopangwa na fundi Joseph Whitworth mwaka 1841, na jamaa zake wengine wawili watatu walioongezwa baadaye. Spana za Whitworth haziandikwi upana wa kichwa cha nati bali unene wa bolti yenyewe, kwa hiyo spana iliyoandikwa robo inchi si ya robo inchi kwa mwenye kupima kwa rula. Mwisho wa miaka ya 1960 viwanda vikaanza kubadili kwenda kipimo kingine cha inchi, na kuna pikipiki zenye vipimo viwili ndani ya injini moja. Kisha Wajapani wakaja na milimita zao. Fundi wa Ng'ambo aliyekuwa na spana za milimita tu alizigonga nati za BSA kwa patasi mpaka zikawa duara. Kwa hiyo pamoja na vipuri zilipelekwa spana za Whitworth, na hizo zilikuwa nzito, na uzito ulikuwa pesa.

Nije sasa kwenye vitabu, ambavyo ndivyo vilivyonifanya nishike kalamu.

Vitabu vya zamani kabisa katika kasha ni vile vidogo vya kampuni ya Pitman, kimoja cha BSA, kimoja cha AJS, kimoja cha Norton, vyenye ukubwa wa kuingia mfuko wa koti. Viliandikwa kwa mwenye pikipiki asiye fundi, na vinakwambia nini cha kufanya kila baada ya maili 500. Aina ya pili ni vya viwandani. Hivi viliandikwa kwa ajili ya mafundi wa wakala wa kampuni. Vinadhani kwamba unacho kila chombo cha pekee kilichotengenezwa kiwandani, na anayefanya kazi chini ya mwembe havimfai sana. Aina ya tatu ndiyo iliyogeuza mambo, nayo ni Haynes.

Wengi wetu tulizijua Haynes kwa majalada yake yenye mchoro wa chombo kilichopasuliwa ukaona ndani, bila kujua kwamba mwanzo wake una harufu ya bahari yetu. John Haynes alizaliwa Ceylon, yaani Sri Lanka, mwaka 1938, akalelewa katika shamba la majani ya chai. Alipokuwa bado shuleni Uingereza alibadilisha gari dogo la Austin 7, akaandika kijitabu cha namna alivyofanya, akauza nakala 250. Baadaye aliingia jeshi la anga, na mwaka 1965 alikuwa Aden. Huko rafiki yake alinunua gari la Austin Healey Sprite lililochakaa, na kitabu cha kiwandani hakikuwasaidia. Haynes akalivunja gari lote na kulijenga upya, akipiga picha kila hatua. Mwaka 1966 akatoa kitabu, na nakala 3,000 za kwanza zikaisha kabla ya miezi 3. Katika miaka ya 1970 vikatoka vya pikipiki, na mpaka leo vitabu vya jina hilo vimeuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Aden! Mji ambao nusu ya wazee wetu walipitia au walikuwa na mjomba huko. Ami alipopata habari hiyo alisema, "Bila shaka kulikuwa na fundi wa Kiyemeni pembeni aliyemshikia taa, na jina lake halikuandikwa."

Uzuri wa Haynes ulikuwa picha. Fundi asiyesoma Kiingereza aliweza kufuata. Walakini maneno nayo yalitakiwa, hasa vipimo: nafasi ya poinzi, nafasi ya plagi, kiasi cha mafuta ya kuchanganya na petroli. Hapo ndipo alipoingia shangazi. Yeye alifanya kazi ya uchapaji katika ofisi moja ya hapa London, na jioni alikaa na kitabu na kamusi, akiandika kwa Kiswahili ukurasa baada ya ukurasa, na palipokosekana neno alimpigia simu fundi wa Southall amwulize kwao wanakiitaje. Tafsiri zake zimo kasha la pili. Hakuacha neno bila ya kulieleza. Kuhusu klachi ameandika, "Usikaze springi kwa hasira, zikaze sawasawa zote nne, ukizidisha moja klachi itavuta upande." Kitabu cha Kiingereza hakina neno hasira, hilo ni la shangazi, aliyemjua kaka yake.

Vitabu vilikuwa ghali kwa mishahara ya wakati ule, na hakuna aliyeweza kununua vyote. Basi kila nyumba ilinunua kimoja, na daftari likaandikwa kipo kwa nani. Visivyonunuliwa vilitafutwa maktaba. Maktaba za mitaa za London zilikuwa na vitabu hivyo, chini ya nambari 629, na kijana aliyepewa kadi ya maktaba alijua kwamba kadi yake si ya hadithi tu. Kitabu kiliazimwa, kurasa zinazotakiwa zikatolewa fotokopi, na siku ya kukirudisha mama alikifuta kwanza kwa kitambaa chenye spiriti, kwani kurudisha kitabu cha watu na alama za vidole ilikuwa aibu.

Haja ya vitu hivi iliongezeka kadiri mambo ya kwetu yalivyozidi kuwa magumu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya kuingiza bidhaa Tanzania Bara ilishikwa na mashirika ya umma. Fedha za kigeni zikapungua. Ukitaka kulipa ng'ambo ulihitaji kibali cha Benki. Unguja nako maduka yalikuwa matupu. Waliokuwa na ndugu Mombasa walipata vipuri kwa njia hiyo, mpaka mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Ulikaa umefungwa mpaka mwaka 1983. Katikati yake kukawa na vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979. Pikipiki ya mwalimu au ya mkunga ikilala kwa kukosa ringi za shilingi chache, mtu huyo alikwenda kwa miguu.

Kwa hiyo kila aliyesafiri alibeba. Ruhusa ya ndege ilikuwa kilo 20. Kwanza tulisafiri na VC10 za East African Airways, na shirika hilo lilipokufa mwaka 1977 kwa mashirika mengine. Pistoni ni nyepesi, ringi ni nyepesi zaidi, poinzi na plagi hazina uzito. Mnyororo ni mzito na tairi halibebeki. Pistoni ilifungwa ndani ya kanga, kanga ndani ya blanketi la mtoto. Sisemi kila mara ushuru ulilipwa. Daima kulikuwa na bibi arusi fulani aliyekwenda kwao na kabureta katikati ya sanduku la mahari, na tulipomtania alijibu kwamba kabureta ndiyo iliyomwoza.

Hapa lazima niandike jambo ambalo baadhi yenu mtapenda lisiandikwe. Sheria ya daftari ilikuwa kwamba kipuri kinauzwa kwa bei kilichonunuliwa na gharama ya posta, basi. Lakini ringi za pauni 2 za London zilikuwa na thamani mara 4 au 5 kule, na si kila mtu aliyepokea alimpa aliyeandikiwa. Mwaka 1981 ndugu wawili wa jamaa yetu waligombana kwa ajili ya kifurushi cha pistoni 6 za Vespa: aliyekuwa London alisema ni za mafundi aliowataja, aliyekuwa Dar es Salaam aliziuza. Hawakusemezana miaka 9. Mimi wakati ule nilimlaumu yule wa Dar es Salaam. Leo, nikiisoma barua yake iliyomo kasha, naona ameandika kwamba alikuwa na watoto 7 na mshahara uliokwisha tarehe 10, na sina tena ujasiri wa kumwita mlanguzi. Lakini na yule mkunga wa Tanga aliyengoja pistoni miezi 14, naye alikuwa na haki yake, na hakuna aliyemwandikia kumwomba radhi.

Yakaja mambo ya mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipoanza msako wa wahujumu uchumi. Waliokuwa na akiba ya bidhaa walizitupa usiku au walizificha. Jamaa yetu mmoja, ambaye hakuwa na ghala bali kisanduku cha vipuri chini ya kitanda, aliogopa akakizika uani. Alipokifukua baada ya masika ringi zote zilikuwa kutu tupu. Mwaka uliofuata, 1984, serikali iliruhusu mwenye fedha zake za nje aingize bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi, na tangu hapo vipuri vya Vespa vya India vikaanza kuonekana tena, bei nafuu kuliko vyetu. Vingi viliingia bila ya kurekebishwa, kwa kuwa mchoro ulikuwa wa Vespa ileile. Mizigo ya sanduku ikapungua.

Huku London nako dunia ilikuwa imegeuka. Kampuni ya BSA ilianguka mwaka 1973. Wafanyakazi wa Triumph pale Meriden walikikalia kiwanda chao mwaka huohuo kisifungwe, wakaja kukiendesha wenyewe kwa ushirika kuanzia 1975 hadi 1983. Maduka yaliyofungwa yaliuza vipuri kwa marobota, na ami, ambaye hakuwa tajiri, alinunua magunia. Alhamisi alinunua gazeti la *Exchange & Mart*, lililoanza mwaka 1868, lote matangazo ya kuuza na kununua, akalipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Jumamosi tulikwenda kwenye masoko ya vyuma vikuukuu, pale Kempton Park, na mara moja mpaka Beaulieu, ambako soko kama hilo lilianza mwaka 1967. Wazee wa Kiingereza wa kule, wanachama wa chama cha pikipiki za kale kilichoanzishwa mwaka 1946, walimpenda ami. Mmoja alimpa bure kitabu cha M20 alichokitumia jeshini, kwa sharti kwamba apelekewe picha ya pikipiki itakayotengenezwa. Picha ilipelekwa: M20 imesimama mbele ya msikiti, na watoto 9 juu yake.

Vijana wetu nao wakapata kazi ya kupeleka barua na vifurushi kwa pikipiki katika miaka ya 1980, wengi juu ya Honda. Kwao vitabu vya Haynes vilikuwa chakula, kwa sababu siku pikipiki isipotembea hakuna mshahara. Vipuri walivinunua kwa wanaovunja pikipiki zilizopata ajali, na hapo ndipo lilipotupata lililotupata. Mpwa wangu mmoja alinunua viatu vya breki vya bei ya kutupa katika duka ambalo sitalitaja. Vilikuwa na gundi mbovu. Utando wa juu ulibanduka siku ya mvua, gurudumu la nyuma likakwama, akavunjika mguu mahali pawili. Tangu siku hiyo ami aliandika mwanzo wa daftari kwa herufi kubwa: CHOCHOTE KIKUUKUU, ISIPOKUWA BREKI.

Na hapa naongeza tahadhari kwa walio na makasha kama hayo nyumbani. Viatu vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Uingereza ilipiga marufuku aina mbili zake mwaka 1985 na ile nyeupe mwaka 1999. Vitabu vya zamani havisemi hayo. Vingine vinakufundisha kupuliza vumbi. Msipulize, wala msisugue kwa msasa. Tuliyoyakuta katika kasha tumeyafunga kwa mfuko wa plastiki mara mbili na kuyapeleka kwenye kituo cha baraza la mtaa kinachopokea asbesto.

Siku hizi ukifika Darajani, Kariakoo au Kirinyaga Road ya Nairobi, vipuri vya bodaboda vimejaa hadi njiani, vya Boxer na vya TVS, na kijana akikosa kitu hupiga picha kwa simu. Kampuni ya Haynes iliuzwa mwaka 2020, mwaka mmoja baada ya mwenyewe kufariki, na ikatangaza kuacha kuchapisha vitabu vipya vya karatasi. London nayo imekuwa na sheria ya hewa safi, iliyoenezwa mji mzima tarehe 29 Agosti 2023. Pikipiki nyingi za kabla ya mwaka 2007 hutozwa pauni 12.50 kwa siku, lakini iliyotimiza miaka 40 huweza kuandikishwa kuwa ya kale isitozwe. Kwa hiyo Honda ya mwanangu ya mwaka 1998 inalipa, na Bantam ya ami inapita bure.

Tumekubaliana katika kikao cha jamaa kwamba vitabu vya Kiingereza vilivyo vizima vitakaa kwangu, na yeyote ataazima kwa kuandika jina lake katika daftari lilelile, baada ya ukurasa wa mwisho wa mwaka 1991. Tafsiri za shangazi zinatolewa nakala, na nakala moja itakwenda kwa mafundi wawili wa Vespa walioko Unguja ambao bado wanaziomba. Kwa mujibu wa daftari vitabu 5 havijarudi. Kimoja ni cha Bantam, kiliazimwa mwezi wa Machi 1979 na nyumba moja ya Portsmouth. Jalada lake ni la kijani, na ukurasa wa kabureta umeungwa kwa plasta ya kidonda. Aliye nacho akirudishe, hataulizwa.